Shavu Limeamka Nikiwa Edani

Baba Mwajuma,

Salamu sijui nikupe ipi. Hujambo siwezi kukuuliza, nimekuona ukibebwa. Na mimi nikikwambia sijambo nitakuwa nakudanganya, na wewe uongo wangu ulikuwa unaujua hata kabla sijafungua mdomo. Basi tuanze hivihivi bila salamu, kama watu waliogombana asubuhi na jioni wanakula sahani moja.

Naandika kwenye daftari la mjukuu wako, kurasa za nyuma. Unajua mimi shule niliishia la nne, na hilo la nne lenyewe nilikuwa nakaa dirishani kuangalia nani anapita. Herufi zitapinda. Wewe soma tu.

Kwanza nikupe habari za mji, nisije nikaanza kulia kabla hujajua yaliyotokea. Ziwa lilifungwa watu wasivue, likafunguliwa, na dagaa wametoka mpaka Kibirizi hawana pa kuanika. Jirani yetu mwenye jogoo anayewika adhuhuri ameoa mke wa pili, kamtoa Kagunga, na mke mkubwa ndiye aliyepika pilau la wageni. Eti hana kinyongo. Mimi nililetewa sahani hapa ndani, nikaonja, nikasema hakuna mwanamke asiye na kinyongo anayetia chumvi kiasi kile. Na ule mtumbwi uliouacha nusu, wa wale ndugu wawili, kaumalizia fundi mwingine. Unavuja. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Hizo habari ananiletea Mama Sabra, shoga yangu, kwa kuwa mwenyewe sitoki. Niko eda. Nakaa chumbani kwetu na nguo nyeupe kama mtu anayesubiri kupigwa sindano, na dada yako Zena kahamia hapa kunikalia. Mimi, Mama Mwajuma, redio ya Kibirizi, nasikia mji kupitia dirishani.

Sasa la uso.

Nakumbuka tulivyorudi kutoka Dar mara ya kwanza, ule uvimbe wa chini ya sikio umeshatolewa. Dokta alishatuambia mapema, uvimbe umeukumbatia mshipa wa fahamu, huwezi kumtoa mmoja ukamwacha mwenzie. Nikaamka upande wa kushoto umelala. Jicho halifumbi. Mdomo umevutwa kulia. Chai nikinywa inatoka pembeni inashuka mpaka kwenye kanga. Nikikuita "Baba" unatoka upepo mtupu, na wewe unaitika upepo huohuo, "Naam, mke wangu," kama vile nimekuita vizuri.

Ujiji wakasema nimezabwa kibao na jini la ziwani. Wengine wakasema ni malipo ya umbea. Wewe ukawaambia, "Ingekuwa umbea unapindisha uso, hapa Ujiji nani angekuwa amenyooka?" Wakacheka, wakaniacha. Ndivyo ulivyokuwa unanilinda, kwa kuwachekesha watu.

Na jicho. Kila tukienda kulala unanitia ile dawa ya matone, unalishusha jicho kwa kidole gumba, unabandika plasta ili lisikauke. Mkono wako unanuka lami na pamba za kuzibia mitumbwi. Nilikuwa nalalamika harufu. Wewe uliyenifumba jicho mwaka mzima, siku yako ilipofika wewe wamekufumba watu wengine.

Ngoja nipumue.

Safari ya pili ndiyo ya yule dokta mwanamke, mwembamba, mwenye sauti ya mwalimu. Akasema atachukua mshipa wa fahamu kwenye mguu wangu, hapa nyuma kwenye shavu la mguu, aupitishe chini ya ngozi juu ya mdomo, aunge upande mzima na upande uliolala. Wewe ukatikisa kichwa kama fundi anayemsikiliza fundi mwenzie, ukasema, "Kumbe ni kiraka. Unatoa ubao penye ubao mwingi, unaweka penye tundu." Mimi nikasema siyo kiraka, ni umbea. Upande mzima ukicheka, habari inavuka juu ya mdomo inamfikia mwenzie, naye anacheka. Dokta akasema kwa miaka yote aliyofanya kazi hiyo hajawahi kusikia imeelezwa hivyo. Nikajiona msomi.

Lakini habari hiyo haivuki siku moja, ndivyo alivyotutahadharisha. Mshipa unaota polepole kama mzizi, miezi na miezi. Na shavu lililolala likisubiri mno linakauka, hata habari ikifika halisikii tena. Kwa hiyo mazoezi kila siku, mbele ya kioo, kucheka kwa makusudi, asubuhi na mchana na jioni, na kulikanda shavu kwa vidole. "Mama, mimi nimemaliza yangu," akaniambia. "Ukiacha mazoezi utabaki na mshipa mzima na uso uliolala."

Tukarudi. Ukingo wa mguu wangu hausikii kitu mpaka leo, mbu wanakula bure. Sikujali. Nilikuwa nangoja shavu.

Ile ya treni ulianzisha wewe. Dokta alituonyesha kugonga kwa kidole juu ya mdomo, kwamba pale mshipa ulipofika ndipo unapowasha kama cheche. Basi kila baada ya magharibi unaniweka kwenye mkeka unagonga. Shavu la kulia ukaliita Dar, la kushoto Kigoma. "Morogoro unasikia?" Nasikia. "Dodoma?" Nasikia. "Tabora?" Hapo chini ya pua. Tabora tulikaa sana. Ukawa unasema injini imeharibika, abiria washuke wakanunue asali. Mimi hoi kwa kicheko, upande mmoja tu, na wewe unasema, "Haya, hilo ndilo zoezi. Kioo cha nini wakati mimi nipo?"

Ile asubuhi ya mwisho tulikuwa Uvinza. Uligonga hapa, pembeni ya mdomo upande wa kushoto, nikaruka. Ukasema, "Uvinza hiyo. Weka maji ya wageni jikoni." Ukachukua mfuko wako wa vyombo ukaenda Kibirizi.

Adhuhuri wakaja wanaume wawili kutoka ufukweni. Hawakutoa salamu, wakauliza kama kuna mtu mzima ndani. Nikasema mtu mzima ni mimi. Wakaangaliana. Mtu akikuangalia hivyo humuulizi tena. Wakasema fundi aliinama kuziba ubavu wa mtumbwi, akaegemea ule mtumbwi, wakadhani anapumzika.

Sasa nikwambie msibani, kwa maana hili hukuliona na bora hukuliona.

Nililia, Baba Mwajuma. Nililia mpaka sauti ikakatika. Lakini uso wangu unaujua. Upande wa kulia ulijikunja ukapanda juu, wa kushoto ukabaki umetulia kama umeketi harusini. Ukiniangalia kutoka mlangoni unaona mtu anayecheka kwa dharau. Wanawake waliotoka mbali, wa upande wa mama yako, hawakuwa wananijua vizuri. Nikasikia mmoja anamuuliza mwenzie, "Huyu ndiye mjane? Mbona kama anafurahi?" Na Zena alikuwa amekaa karibu nami, anayejua kila kitu, aliyekuja kuniona hospitali. Akaniangalia na yeye, kama anahakikisha.

Watu walipotawanyika akachukua kanga akafunika kile kioo kikubwa cha kabatini. Kwetu mwenye eda hajitazami. Nikamwambia, wifi, kioo hicho ni dawa yangu. Akasema, "Dawa inamezwa."

Sikubishana. Umeshawahi kuniona mimi nisibishane? Nikafanya mazoezi kwa kubahatisha, bila kioo. Lakini nusu ya uso haina hisia nzuri, hujui unavuta nini. Mwajuma alikuwa bado hajarudi Kasulu kwa mumewe, akanipa simu yake, akanifungulia ile kamera ya mbele. Nikawa naenda nayo uani, nyuma ya vichanja vya dagaa, najitazama humo, napandisha shavu, nashusha.

Zena akanikuta.

Simama hapo uone picha yenyewe. Mjane wa wiki chache, kavaa nyeupe, kajificha nyuma ya vichanja, kashika simu mbele ya uso, anatabasamu. Hata mimi ningeisambaza. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, ndiyo iliyoniuma, "Kaka yangu udongo haujakauka, wewe unajipiga selfi."

Nikaeleza. Nikamwambia treni iko Uvinza, nikisimama hapa nimeikosa. Akanishangaa. Hakuijua treni yetu, masikini, angeijuaje. Akadhani nimeanza kuchanganyikiwa, au najifanya.

Kufika alasiri habari iko sokoni. Mama Mwajuma anapiga selfi edani. Kufika kesho yake kuna bwana anayetumiwa hizo picha. Kesho kutwa bwana ana gari na yuko Mwanga, hapahapa mjini. Mama Sabra alipokuja alikaa muda mrefu anachezea ncha ya kanga. Mama Sabra, mtu wa kuanza kuongea tangu yuko barabarani. Nikamwambia sema, nimeuza sana bidhaa hiyo, najua bei yake. Akasema. Nikamuuliza, hilo gari rangi gani? Akajikuta amecheka, akaziba mdomo. Mimi sikucheka. Niliuliza kwa mazoea tu.

Nikaacha mazoezi. Nakwambia ukweli. Nilirudisha simu nikalala kuelekea ukutani, na shavu nikaliacha lilale. Nikasema mwenye kuligonga hayupo, kwa nini niliamshe. Siku zikawa zinapita na mimi nazisikia zinapita, kama mtu anayesikia maji yanamwagika jikoni na hainuki. Najua maana yake ilikuwa nini. Dokta alisema wazi. Kila siku niliyolala, shavu lilikuwa linakauka.

Mwajuma akakasirika. Unamjua mwanao, hasira zake ni zako, haongei, anatenda. Akaenda akamleta mke wa ustadhi, Bi Rehema, akamkalisha hapa sebuleni baina yangu na shangazi yake. Bi Rehema akasikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nicheke kidogo auone uso. Nikamuonyesha, upande mmoja. Akamgeukia Zena akasema, "Eda imekataza pambo. Haijakataza tiba. Kioo cha mgonjwa kina kosa gani?" Akanywa maji, akaaga. Ustadhi mwenyewe angetumia saa nzima.

Zena aliinuka akaenda kabatini akaitoa ile kanga, akaikunja pole pole, kona kwa kona. Hakuniangalia.

Basi nikawa na kioo, nikawa na ruhusa. Nikakaa mbele ya kioo asubuhi ile, nikaupandisha upande mzima. Ukapanda kama gunia la muhogo, ukashuka. Nikapandisha tena. Nilikuwa natazama mwanamke mzee aliyenyanyua pembe ya mdomo. Ndani hamna kitu. Ule upande mzima ambao ndio ungepeleka habari kwa mwenzie, hauna habari ya kupeleka.

Nikampigia dokta. Akasema jaribu kufikiria jambo linalokuchekesha, uso utafanya wenyewe. Nikakata simu nikajaribu. Nikafikiria ile siku mbuzi alikula barua ya posa ya Mwajuma, na wewe ulikuwemo, ndiye uliyemfukuza mbuzi. Nikafikiria bibi harusi wa kule Gungu aliyesinzia kwenye kiti, na wewe ulikuwemo, ulikuwa unanifinya nisicheke. Nimetafuta, Baba Mwajuma. Miaka yote hii sina kichekesho hata kimoja ambacho wewe haumo ndani.

Halafu siku moja Zena akaniletea uji, akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Tulikuwa hatujaongea la maana tangu ile kanga. Akaanza tu, bila utangulizi. Akasema, "Kaka yangu alipokuwa mdogo aliiba samaki wa mama, mgebuka wa kukaanga, akaufutika ndani ya kanzu, akakimbilia msikitini. Akasimama safu ya nyuma. Paka wa mtaa mzima wakaja wakajipanga nyuma yake. Imamu anatoa salamu, anageuka, anaona safu ya paka."

Hilo hukuwahi kuniambia. Miaka yote hiyo, hukuwahi.

Akasema, "Alichapwa, halafu huku analia akamwambia baba, lakini wale paka nao wameswali." Akacheka Zena. Alicheka mpaka akashika magoti, halafu katikati ya kicheko sauti ikageuka, akawa anasema, "Kaka yangu huyo. Kaka yangu huyo." Na mimi nikapasuka. Siyo kile kilio cha msibani cha watu wanaangalia. Nililia kama mtoto aliyeachwa stendi.

Nikiwa katikati ya kulia naona Zena kanyamaza. Ananikodolea macho, kamasi zinamtoka hata hafuti.

"Wifi," akasema. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Kulia. Rudia kulia."

Nikadhani na yeye kachanganyikiwa. Akanishika kidevu akanigeuza kwenye kioo. Machozi yalishaanza upya yenyewe, sikuhitaji kurudia chochote. Nikaona. Upande wa kushoto, hapa pembeni ya mdomo, ngozi ilijikunja. Kidogo, kama maji yanavyojikunja samaki akipita chini. Ikaacha. Ikajikunja tena.

Limeamka, mume wangu. Shavu limeamka, na jambo la kwanza kulifanya ni kukulilia.

Nyumba ikajaa. Hongera, hongera, Mungu mkubwa. Wale wale wa bwana mwenye gari walikuja na maandazi. Mwajuma anaruka kama msichana. Mama Sabra kapiga kigelegele mlangoni akakumbuka ni nyumba ya eda, akakimeza. Zena akawa anaeleza kila anayeingia, na kila akieleza ananishika kidevu ananigeuza kama anauza mbuzi. Mimi nimekaa katikati yao nataka kumpiga mtu. Treni imefika stesheni, watu wamejaa wanapunga mikono, na mtu mmoja tu niliyekuwa namletea huo uso hayupo. Nikawaambia kichwa kinauma. Wakatoka kwa adabu.

Dokta amefurahi. Kasema kulia na kucheka vinatumia milango hiyohiyo usoni, kwa hiyo kicheko kitafuata, niendelee tu kila siku, na eda ikiisha niende Dar aniangalie. Nimeitikia. Yeye hana kosa. Kazi yake ilikuwa kuvusha mshipa, ameuvusha.

Lakini wewe nikufiche nini. Jioni, watu wakishaswali, nakaa kwenye ule mkeka, nagonga mwenyewe kwa kidole changu. Cheche inawasha mpaka shavuni kabisa. Na haina ladha. Nafika kila mahali, na nikifika nimefika peke yangu. Jicho bado halijafumba sawasawa, plasta najibandikia, inakaa upande upande, asubuhi naikuta kwenye mto. Juzi Zena alitaka kunibandikia, nikamwambia hapana, kwa ukali nisioukusudia. Akaelewa. Yeye na mimi sasa tunaelewana kuliko zamani, hilo ujue, usilale na wasiwasi huo.

Nikitoka eda nitarudi ufukweni Kibirizi. Watataka kuniona nikicheka, wote watakuwa wananikodolea mdomo, na mimi nitaongea, unanijua, nitawapa habari za pilau lenye chumvi na watacheka wao. Watasema Mama Mwajuma amepona. Nitawaacha waseme. Kuna mambo ambayo hata mimi siyatangazi.

Basi nikuage, wino umeanza kufifia na mjukuu anadai daftari lake. Nilitaka nikuahidi kuwa nitacheka, ndivyo ungetaka, lakini ningekuwa naanza tena uongo. Kicheko sina, na sijui kama kitarudi. Ninachokuahidi ni kazi. Asubuhi, mchana na jioni nitakaa mbele ya kioo nitapandisha shavu na kulishusha, nitalikanda, na Dar nitakwenda. Nitafanya kama mtu anayefagia uwanja wa nyumba iliyohamwa. Hategemei mgeni. Anafagia tu, majani yasije yakafika mlangoni.

Lala, Baba Mwajuma.

Mimi mkeo,
Mama Mwajuma